Kuchora muti wa kwetu: mafundisho ya wachoraji wa zamani wa Katanga kwa wenye kuanza

Mu kitabu hiki wenzetu wameandika juu ya ndoa, juu ya ngoma na juu ya majina ya jamaa. Sisi tutaongea juu ya jambo linaloonekana kuwa dogo: namna ya kuchora muti. Tunaomba musigeuze ukurasa mbio. Kwetu Katanga jambo hili lina historia yake, na historia hiyo inaweza kumusaidia mutoto wa leo anayeshika kreyo kwa mara ya kwanza.

Tunafundisha mu shule ya sekondari hapa Likasi. Somo la deseni limetuangukia mara nyingi, kwa sababu ni nadra shule zetu kupata mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Kila mwanzo wa mwaka tulikuwa na desturi moja: kutoa wanafunzi inje, kuwaketisha karibu na muti mukubwa wa maembe uliosimama katikati ya kiwanja, na kuwaambia wauchore. Mwaka mumoja darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 50. Tulipokusanya makaratasi, tulikuta miti ya namna mbili tu. Wa kwanza: mistari miwili imesimama sawa nguzo, na juu yake wingu la mviringo. Wa pili: sapen ya Noeli, imechongoka sawa paa la kanisa. Wengine walitia matunda mekundu, mapome, na wengi wao hawajaonja pome hata siku moja. Hakuna hata mumoja aliyechora embe. Tena wengi walikuwa wameketi na kuupa muti mugongo.

Tuliuliza kijana mumoja sababu gani hakutazama. Akajibu bila kuogopa: "Metre, ile muti tunaijua, tunaiangalia tena juu ya nini?"

Hatukumukaripia. Tulitambua kwamba kijana alikuwa na haki kwa upande mumoja: muti aliochora aliujua kweli. Ni muti wa kitabu. Ameuona mu kitabu cha kusoma, ku kalenda, ku karata za Noeli, ku tablo ya mwalimu wake wa kwanza. Lakini ule wa kiwanja, anaoupanda kila siku na kula matunda yake, hakuujua kwa jicho. Kosa halikuwa lake peke yake. Hata sisi, siku za kwanza, tulikuwa tunachora lile wingu ku tablo ili "kurahisisha" kazi.

Tangu hapo tulianza kutafuta: wakubwa wetu wa Katanga walichora muti namna gani? Tulichopata tunakieleza hapa. Na neno letu lote ni hili: kuchora muti ni kazi nyepesi, lakini wepesi wake hautoki katika kuiga muti wa kitabu. Unatoka katika kutazama vizuri, kisha kuchagua alama moja tu ambayo mukono wako unaiweza.

1. Kabla ya karatasi, na karatasi ya kwanza

Watu wa inchi hii hawakungoja kaye ili wachore. Upande wa magharibi, kwa Wachokwe wa Dilolo na ng'ambo ya mupaka mu Angola, wazee walichora chini mu mchanga kwa ncha ya kidole. Kwanza walitia nukta kwa mupango, safu kwa safu. Kisha mustari mumoja ulizizunguka zote, mara nyingi bila kuinua kidole, huku mzee anasimulia hadithi. Kwa Waluba kulikuwa na lukasa, kibao cha ushanga na misumari ambacho wenye kujua waliweza kusoma ndani yake habari za wafalme. Mahali pengi watu walipaka kuta za nyumba kwa udongo mweupe, mwekundu na mweusi. Mvua ilipokuja ilifuta picha, na mwaka wa pili walipaka tena.

Mu 1926, pale Bukama, ku muto Lualaba, mutumishi wa serkali ya Ubelgiji, Georges Thiry, aliona nyumba zilizopambwa kwa picha. Alitafuta aliyezipaka akamukuta Albert Lubaki, mutu ambaye kazi yake ilikuwa kuchonga pembe za ndovu. Thiry alimupa karatasi na rangi za maji ili kazi yake isifutwe na mvua. Mke wake, Antoinette Lubaki, naye alichora. Ni vizuri wasichana wetu wajue hilo. Mu 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na mwaka uliofuata Geneva. Basi kati ya picha za Kikongo za mwanzo kupita bahari zikiwa ku karatasi, kuko zilizotoka hapa kwetu Katanga.

Lubaki alichora watu, nyama, ndege na miti bila kujaza karatasi. Nafasi kubwa aliiacha tupu. Hakutafuta kivuli wala umbali. Muti na ndege walisimama wazi ku karatasi nyeupe, sawa vile vilivyosimama ku ukuta wa nyumba. Hilo ni fundisho la kwanza kwa mwenye kuanza: usiogope weupe wa karatasi. Muti mumoja unatosha. Watoto wengi wanaharibu picha kwa kuongeza jua, nyumba, njia na motokari, kwa sababu wanafikiri muti peke yake ni masikini.

2. Hangari ya Elisabethville

Miaka 20 baadaye, mu 1946, Mufaransa mumoja, Pierre Romain-Desfossés, alianzisha atelye mu Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu waliiita "Hangari". Vijana walioingia hawakuwa wamesoma deseni popote. Desfossés hakuwapa kitabu cha kuiga wala hakuwaonyesha picha za Ulaya. Aliwaambia watazame majani, nyama, samaki na wadudu wa inchi yao, kisha kila mutu atafute mukono wake mwenyewe. Kama wawili walianza kufanana, hakufurahi.

Mu 1951 Laurent Moonens alifungua shule nyingine ya sanaa mu muji ule ule. Desfossés alipokufa mu 1954, Hangari iliunganishwa na shule hiyo.

Inatubidi kusema kweli yote. Jina rasmi la Hangari lilikuwa "Académie d'art populaire indigène", na neno hilo la mwisho wazee wetu wanajua namna lilivyowauma mu siku za ukoloni. Mutu mumoja tu, tena mugeni, ndiye alihukumu picha gani ni ya Kiafrika kweli na gani si ya Kiafrika. Wanunuzi walikuwa kwa wingi wazungu, na picha nyingi zilitoka inchini. Mukongo aliyetaka kujifunza namna wenzake wa Ulaya wanavyochora alifungiwa mulango, ati kwa faida yake. Fundisho la kutazama tunalipokea kwa mikono miwili. Lile la kumufungia mutu mulango hatulipokei, na wanafunzi wetu tunawaonyesha picha za inchi zote.

3. Mikono mitatu, miti mitatu

Kati ya vijana wa Hangari, watatu wanatusaidia sana darasani, kwa sababu kila mumoja alikuwa na alama yake, na alama hiyo hata mutoto anaweza kuijaribu. Hatusemi watoto wachore sawa wao. Hiyo ingekuwa kurudi ku muti wa kitabu. Tunasema: jaribuni njia zote tatu, kisha mutajua mukono wenu unapenda gani.

Njia ya kidole. Bela alikuwa Musara, mutu wa upande wa Chad, aliyefika Katanga pamoja na Desfossés akiwa mutumishi wake. Alianza kuchora bila kufundishwa, na hakuhitaji pinso: alichovya vidole mu rangi, akagonga karatasi. Njia hii inafaa kwa asiye na kitu. Muchukue kipande cha makala, mukisage mu kifuniko, mutie maji kidogo. Karatasi ya mufuko wa sima inatosha. Mwanzo mutazame muti wa maembe kwa dakika tano bila kugusa karatasi. Kisha kwa kidole gumba muvute shina kutoka chini kwenda juu: chini mukandamize, juu mulegeze. Hapo shina litakuwa nene chini na jembamba juu lenyewe, bila kupima. Baadaye kwa ncha ya kidole kidogo mugonge majani: mengi pale kivuli ni kikubwa, machache ku pembeni. Muache matundu ya anga. Muti wa maembe ni mzito, lakini hata yeye anapitisha mwangaza. Mukitazama kutoka chini mutaona nyota za anga kati ya majani. Mwenye kuacha matundu hayo amekwisha kuachana na wingu la kitabu.

Njia ya mustari mufupi. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mu 1925 na kufa mu 1999, alijenga picha zake kwa mistari mifupi iliyolala pamoja, sawa nyuzi za mukeka, mara nyingi kwa rangi za udongo. Njia hii inataka biki tu. Sheria ni moja: hakuna kuzungusha mustari wa inje. Muti wote utoke katika mistari mifupi. Ku shina mistari ifuate njia ya ganda. Ku tawi ifuate tawi. Ku majani ilale upande mumoja, sawa vile upepo unavyopita. Mukitaka giza, muikaribishe. Mukitaka mwangaza, muitawanye. Tunawapa njia hii hasa wale wanaolia "mukono wangu inatetemeka". Mustari mufupi hauonyeshi kutetemeka. Inafaa kwa miti ya pori letu la miombo, ambayo matawi yake yanafunguka kwenda juu na majani yanalala bapa, ngazi juu ya ngazi.

Njia ya jani kwa jani. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mu 1914 na kufa mu 2007, alichora kwa uvumilivu mukubwa: majani moja moja, manyoya ya ndege, magamba ya samaki na ya nyoka. Mu picha zake majani si pambo tu, kuna anayeishi ndani. Kwa njia hii musichukue muti muzima. Muchukue tawi moja, mulete ku meza, muhesabu majani yake. Musuku ni muzuri kwa kuanza: majani yake ni mapana, yamekusanyika ku mwisho wa tawi, na watoto wote wanajua masuku ya soko. Mupapayi vilevile, wenye jani sawa mukono wa vidole vingi na shina lenye alama za majani yaliyoanguka. Muchore jani la kwanza, kisha la pili, bila haraka. Mwishoni mutie mwenye nyumba: ndege, kinyonga, au wale vidudu vya kula tunavyookota ku miti ya pori.

Kuko sheria moja inayosaidia njia zote tatu, na hiyo imetoka mbali. Leonardo da Vinci, muchoraji wa Italia aliyeishi zaidi ya miaka 500 iliyopita, aliandika kwamba mukikusanya unene wa matawi yote ya muti mutapata unene wa shina lake. Maana yake kwa mwenye kuanza ni hii: kila mara shina linapogawanyika, kila tawi linakuwa jembamba kuliko lile lililolizaa. Watoto wengi wanachomeka matawi manene ku shina jembamba, sawa mikono ya mutu mu tumbo la mutoto. Wakisikia sheria hiyo mara moja tu, hawarudii.

4. Ngazi ya mu salo

Wazee wengine watatuuliza: na wale wachoraji wa barabarani? Wale waliouza picha nyumba kwa nyumba miaka ya 1970, wao hawakuiga?

Ni ulizo zuri. Wakati huo, mu miji yetu ya shaba, picha zilikuwa mu salo za watu wa kila siku: mamba muntu, Colonie belge, Lumumba, na pia inchi, ndiyo picha ya kijiji, muto, jua linazama, na miti ya ngazi imeinama juu ya maji. Zilipakwa mara nyingi ku nguo za mifuko ya unga. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliofanya utafiti hapa Shaba wakati ule na kuandika juu yake mu 1976, walisikia wenyeji wanatumia neno moja kueleza sababu ya kununua picha: ukumbusho. Kati ya wachoraji hao alikuwako Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mu 1947. Alipaka karibu picha 100 za historia ya inchi yote, na alijiita si muchoraji tu bali mwanahistoria. Fabian alizitoa mu kitabu mu 1996.

Ni kweli, wachoraji hao walirudia picha moja mara nyingi, kwa sababu munuzi aliitaka ile ile. Lakini tufikiri kidogo. Ku milima ya Likasi, ngazi si muti wa pori. Hapa tuko ku mwinuko, inchi ya miombo. Ngazi ya mu salo ilitoka wapi? Wafanyakazi wa Union Minière walitoka Kasai, Lomami, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini. Baba aliyefika hapa akiwa kijana, akazeeka mu kambi, alitundika ku ukuta muti wa kijiji alichoacha. Jioni alionyesha watoto: "Kwetu iko hivi." Muti ule ulirudiwa, lakini kuko mutu aliyeukumbuka. Sapen ya mwanafunzi wetu haina anayeikumbuka. Tofauti iko hapo. Kurudia kunazoeza mukono, hatukukatazi. Tunauliza tu, huu muti unaourudia ni wa nani?

5. Likasi: miti, shaba na makala

Sasa turudi mu muji wetu, ulioitwa Jadotville tangu 1931 mupaka 1966. Mwenye kuchora miti hapa ana kitabu kikubwa mbele ya macho, akijua kukisoma.

Fundisho moja la ajabu ni kuchora mahali pasipo na miti. Udongo wenye shaba nyingi unashinda miti kuota. Kwa hiyo katikati ya pori kulikuwa na vilima vyenye majani mafupi tu na maua madogo, kati yao lile wenye elimu wanaloliita Haumaniastrum katangense, ua la shaba. Wafuaji wa shaba wa zamani walijua kusoma alama hiyo mbele ya wazungu, na watu wa Ulaya waliotafuta madini baada yao, sawa Jules Cornet aliyepita Katanga mu 1892, waliona vilima hivyo vya upara. Basi mu inchi yetu, mutu aliyejua kutazama miti, na kutazama pale inapokosa, alijua utajiri uko wapi. Tunapenda kuwapa wanafunzi wakubwa kazi hiyo: chora kilima, pori pande zote, na juu ya kichwa chake usitie muti hata mumoja. Ni picha nyepesi kuliko zote, na ndani yake kuko historia nzima ya Katanga.

Fundisho la pili ni rangi. Watoto wanapaka majani yote kijani. Lakini mu Septemba na Oktoba, mvua haijarudi, miombo inatoa majani mapya ya rangi ya shaba, mekundu, mengine ya zambarau. Siku chache tu, kisha yanageuka kijani. Mwenye kutembea siku hizo ku njia ya Kambove bila kutazama amepoteza mwaka.

Lakini miombo hiyo inakwenda mbali na sisi. Kiwanda cha umeme cha Mwadingusha, ku muto Lufira, kilianza kazi tangu 1930, si mbali na hapa. Hata hivyo mu nyumba zetu nyingi bukari inapikwa ku makala. Kila asubuhi vijana wanaingia mu muji na kinga zimebeba magunia marefu. Hatuwahukumu, ni kazi yao, na sisi ndio wanunuzi. Lakini wazee wanakumbuka pori lilianza mwisho wa nyumba, na leo inabidi kusafiri ili kulikuta. Tena kuko mukula, muti wenye utomvu mwekundu, uliokatwa kwa wingi mu miaka ya 2010 na kupelekwa mupaka China. Wanafunzi wetu wengi wanajua bei yake waliyoisikia. Wachache wanajua umbo la jani lake.

Ndiyo maana tunaona makala kuwa kalamu ya kweli ya Likasi. Ni muti uliokatwa porini kwetu. Kabla ya kuwasha mbabula, mutoto achukue kipande kimoja na kurudisha huo muti ku karatasi.

6. Muti uliobaki ku karatasi

Tulisema mwanzoni kwamba "tulikuwa" na desturi ya kuketisha wanafunzi karibu na muti wa maembe. Desturi ilikwisha mu 2019. Mizizi ilikuwa imeanza kuinua ukuta wa darasa moja, na wakubwa wa shule waliamua muti ukatwe. Sababu yao ilieleweka, hatukupinga. Kazi ilichukua siku mbili. Wanafunzi walibeba matawi, na kuni ziligawanywa.

Ku tawi moja la muti ule kulikuwa kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya. Ndicho kilikuwa kengele yetu. Vizazi vingi vya watoto vilisikia sauti yake. Kilipohamishwa ku nguzo ya chuma, sauti haikuwa ile ile.

Miezi michache baadaye wanafunzi wa zamani walikuja kututembelea, watu wazima sasa, mumoja ameshika mutoto mukono. Mumoja akauliza: "Kengele ilikuwa upande gani?" Tukaanza kubishana. Mumoja alisema upande wa ofisi, mwingine upande wa choo. Sisi wenyewe, tuliopita chini yake kila siku miaka yote ile, hatukuweza kuapa. Tulikuwa sawa yule kijana: muti tuliujua, tuuangalie tena ya nini?

Tukakumbuka makaratasi. Mu kabati tulikuwa tumeweka picha za mwaka tulipojaribu njia ya kidole kwa mara ya kwanza. Nyingi zililiwa na mchwa. Lakini iliyobaki moja ilikuwa ya musichana aliyekaa ku benchi ya nyuma, mutoto asiyesema, ambaye tulimupa alama 12 juu ya 20 kwa sababu shina lake limeinama kupita kiasi. Alikuwa amegonga majani kwa kidole, nyota za anga ziko mahali pake, embe tatu zinaning'inia chini ya kivuli. Na upande wa choo, ku tawi la tatu, kuko kamustari kafupi keusi kenye waya wake. Reli.

Tukapanga picha ile mbele ya kisiki kinachoonekana bado. Shina halikuwa limeinama kupita kiasi. Lilikuwa limeinama kweli. Kisiki kilionyesha hivyo wazi. Sisi ndio hatukuwa tumetazama, na alama tuliyompa ilikuwa ya kosa letu. Tuliibadilisha ku karatasi kwa biki nyekundu, ingawa ripoti ya mwaka ule ilikuwa imefungwa zamani.

Wasomaji wapenzi, wazee wanasema muti unakunjwa ungali mubichi. Tunaomba kila nyumba yenye mutoto ifanye jambo moja kabla ya mvua inayokuja. Muchague muti mumoja: wa lupango lenu, wa parokia, wa soko, au ule unaosimama peke yake juu ya kichuguu ku njia ya shamba. Mutazame dakika tano. Muuchore kwa njia moja kati ya zile tatu, kwa makala, kwa biki, kwa kidole. Musifute. Nyuma ya karatasi muandike tarehe, mahali, jina la muchoraji, na jina la muti mu luga ya baba au ya mama, sawa bibi anavyouita. Kisha muulete kwa shirika letu; tutauweka pamoja na mingine, mbali na mchwa.

Picha ya yule musichana tumeitia mu plastiki na kuitundika mu ofisi ya walimu. Wageni wakiuliza muti ulisimama wapi, tunawaonyesha hapo.